Pipa la Kisimani na Pipa la Bandarini

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano wa chama chetu cha uwekezaji hapa Reading, Uingereza. Naiweka nzima kwa ajili ya wanachama waliokuwa kazini na wale waliosafiri kwenda nyumbani.

Ndugu mwenyekiti, mama mweka hazina, wazee wetu mliokaa mbele, dada zangu na kaka zangu. Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za mchana.

Hoja iliyo mezani mnaijua. Ndugu yetu alipendekeza mwezi uliopita kwamba chama kitoe theluthi moja ya akiba, tununue hisa za kampuni ndogo inayochimba mafuta kwenye Delta ya Niger, kule Nijeria. Kampuni iko kwenye soko la London, hisa moja ni peni chache, visima vinatoa, na ukigawa thamani ya kampuni kwa mapipa yaliyo ardhini unaona kama wanagawa bure. Ndugu yetu amefanya kazi nzuri. Nimeisoma mara tatu, na sikusimama hapa kumshambulia. Nimesimama kwa sababu ninajua pesa hizi zimetoka wapi. Humu ndani yupo dada anayefanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, siku tano kwa wiki, na hajawahi kuchelewesha paundi hamsini zake hata mwezi mmoja. Pesa yake ndiyo tunayoijadili.

Basi naomba tuanze na swali moja. Unaponunua hisa ya kampuni ya mafuta, unanunua nini? Mtaniambia, mafuta. Sawa. Mafuta yapi? Yaliyotoka kisimani, au yaliyofika melini?

Bibi yangu alikuwa na ng'ombe wawili kule Lushoto. Kila alfajiri mjomba alishuka na lita nane hadi kituo cha kukusanyia maziwa. Karani akapima, akaandika nane kwenye kidaftari cha bibi. Kisha maziwa yakamiminwa pamoja na ya majirani, yakapanda gari, yakateremka mlima, na huko chini yakapimwa upya. Na huko chini, ndugu zangu, kila siku yalikuwa yamepungua. Yalimwagika? Yaliuzwa njiani? Au kipimo cha juu na cha chini havikukubaliana? Hakuna aliyejua. Mwisho wa mwezi upungufu ukagawanywa kwa wote, kila mtu kwa kadiri ya lita alizoleta. Kidaftari cha bibi kilisema lita mia mbili na arobaini. Akalipwa mia mbili na tano. Mimi nilikuwa darasa la tano na ndiye niliyemsomea ile karatasi. Akanitazama, akauliza, "Hizo thelathini na tano nilimkamulia nani?"

Nimekuwa mhasibu miaka ishirini na mbili, na sijasikia swali la kihasibu zuri kuliko hilo.

Kwenye Delta mambo yanakwenda vivyo hivyo. Kampuni ndogo haina bomba lake la kufika baharini. Ina visima vyake, ina kabomba kake kafupi, kisha inaingiza mafuta yake kwenye bomba kuu la mtu mwingine. Humo yanachanganyika na mafuta ya makampuni mengine. Kuna mita pale yanapoingia na kuna kipimo kule mwisho, kwenye matangi ya bandari ya kupakilia: Bonny, Forcados, Brass. Kilichopungua katikati wanagawana wote kwa kadiri ya walichoingiza. Hata kama bomba lilitobolewa kilomita sitini kutoka kwako, hata kama kipande chako unakilinda usiku na mchana, upungufu unakuhusu.

Na anayefanya hesabu ya kugawana ni nani? Ni mwenye bandari. Wiki kadhaa, pengine miezi, baada ya mafuta kuingia, ndipo barua inakuja kukuambia kwamba kati ya mapipa uliyodhani unayo, haya hapa si yako tena. Nieleweke vizuri, si kila pipa linalopotea limeibwa. Mafuta ya kisimani hutoka na maji, na vipimo hutofautiana. Nijeria kumekuwa na ubishi mrefu juu ya kiasi gani cha upungufu ni wizi na kiasi gani ni mita mbovu. Lakini kwako wewe mwenye hisa, vyote viwili vinatoka mfukoni mwako.

Wizi wenyewe unafanywaje? Msidhani ni mtu na ndoo. Fundi anayeijua kazi anafukua bomba kwenye tope la mikoko, anachomelea kipande cha bomba chenye valvu juu ya bomba kuu huku mafuta yanapita ndani kwa shinikizo, kisha anatoboa kupitia valvu ileile. Akikosea, hatoki hai. Akipatia, anaunganisha mpira mrefu hadi kwenye mkondo wa maji, na mashua au tishari, chombo bapa cha kubebea mizigo, linajazwa usiku. Sehemu hupikwa humo humo msituni kwenye matangi ya bati. Sehemu kubwa zaidi huvushwa hadi meli zinazosubiri baharini, na meli haijazwi na kijana wa kijijini peke yake.

Oktoba 2022 shirika la mafuta la taifa la Nijeria lilitangaza kwamba limekuta bomba la wizi la kilomita nne, limetandazwa kutoka bandari ya Forcados hadi baharini, na limefanya kazi miaka tisa. Miaka tisa, ndugu zangu! Bomba la kilomita nne si kitu cha kuficha chini ya mkeka. Kuna watu walilinunua, walilisafirisha, walilitandaza, na kuna watu waliopita juu yake kila wiki wakatazama pembeni. Ukisoma ripoti ya kampuni yenye sentensi moja inayosema "tunashirikiana na vyombo vya usalama", likumbuke bomba hilo.

Sasa nije kwenye jambo linalouma zaidi, na linauma kwa sababu lilinipata mimi.

Mwaka 2013 nilikuwa na paundi elfu nne. Zilikuwa za kuezeka upya nyumba ya mama, Muheza. Nikaona kampuni ndogo ya Delta, jina lake nitaliacha, inatoa mafuta na kila taarifa inasema uzalishaji umepanda. Nikajiambia mabati yatasubiri mwaka mmoja, nitaezeka kwa faida. Nikanunua.

Wenye hisa za London mnajua, taarifa za makampuni hutoka saa moja kamili asubuhi. Asubuhi hiyo nilikuwa jikoni, watoto wanakunywa uji kabla ya shule. Nikafungua simu. Kichwa cha habari: uzalishaji umefikia kiwango kipya. Nikafurahi. Nikasoma aya ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote nzuri. Aya ya sita, kwa sentensi moja, ikasema hesabu za bandari za miezi mitatu iliyopita zimekamilika, na upungufu uliokatwa kwa kampuni ni zaidi ya moja ya tano. Nikairudia ile sentensi. Mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu. Soko lilipofunguliwa saa mbili, wenzangu walikuwa wamefika aya ya sita kabla yangu.

Nilijiuliza wiki nzima: moja ya tano ya mafuta imepotea, mbona zaidi ya nusu ya pesa yangu ilipotea baadaye? Njooni tupige hesabu pamoja. Mfano wa kubuni, namba nyepesi. Kampuni inaingiza mapipa 10,000 kwa siku, bei ni dola 80. Hiyo ni dola 800,000. Gharama zake zote kwa siku, mishahara, dizeli, ulinzi, ada ya kupitisha mafuta bombani, riba ya benki, ni dola 600,000. Faida ni 200,000. Sasa toa moja ya tano ya mapipa. Mapato yanashuka kwa dola 160,000. Gharama je, zinashuka? Hazishuki! Mafuta yaliyoibwa ulikwisha yachimba, ulikwisha yasafisha maji, ulikwisha yalipia. Faida inabaki 40,000. Wizi wa moja ya tano ya mafuta umekula sehemu nne kati ya tano za faida. Na bei ya mafuta ikishuka mwaka huohuo, kama ilivyoporomoka mwishoni mwa 2014, hiyo 40,000 nayo haipo, na benki bado inataka riba yake.

Nyumba ya mama niliiezeka mwaka 2017. Misimu minne ya masika alikuwa akisogeza kitanda. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonifanya nianze kuyasoma makampuni haya kwa dhati, moja baada ya jingine, hadi leo.

Katika niliyoyasoma, liko jambo ninalotaka mlishike kuliko yote: kampuni ina njia ngapi za kufika baharini?

Sikilizeni habari ya Mart Resources. Ilikuwa kampuni ya Calgary, Kanada, hisa zake Toronto, na riziki yake karibu yote ilitoka sehemu moja, visima vya Umusadege katika Jimbo la Delta. Visima vizuri kabisa. Mafuta yalipita kwenye bomba la Agip, kampuni ya Eni ya Italia, kwenda Brass, na upungufu wa bombani ukawa unawakata vibaya. Walilipa gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, watu wakaipenda, kisha makato na siku za bomba kufungwa vikaitafuna. Wakafanya jambo la busara, wao na wenzao wakajenga bomba lingine kwenda upande wa Forcados, nalo likaanza kazi mwaka 2014. Njia ya pili imepatikana! Lakini angalieni. Bei ya mafuta ikaporomoka, madeni yakabana. Kisha Februari 2016 bomba la chini ya bahari la bandari ya Forcados likalipuliwa, na kundi lililojiita Niger Delta Avengers likasema ndilo lililofanya. Bandari ikafungwa. Mwaka huo huo Mart ikanunuliwa na mshirika wake wa Kinijeria kwa bei iliyo mbali sana na ile ya miaka ya gawio. Visima havikuwa na kosa lolote. Mafuta yalikuwepo. Njia ndiyo ilikuwa mbovu.

Bandari hiyohiyo ya Forcados ilifungwa kwa Seplat pia, kampuni ya Kinijeria, na Seplat si ndogo kama Mart. Mwaka 2010 ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kununua visima vya nchi kavu kutoka Shell na wenzake, na mwaka 2014 ikaingia soko la London na la Lagos kwa mpigo mmoja, ikachangisha dola milioni 500. Kufungwa kwa Forcados kulichukua kuanzia Februari 2016 hadi Juni 2017. Zaidi ya mwaka! Seplat ikaingia hasara, gawio likasimamishwa. Iliponea wapi? Ilikuwa na gesi inayouzwa ndani ya Nijeria, isiyopita Forcados. Ilikuwa na akiba. Ikasafirisha mafuta kwa matishari kupitia gati la kiwanda cha kusafisha mafuta cha Warri. Na baadaye likafunguliwa bomba jingine, la kutoka Amukpe kwenda Escravos, ambalo halitegemei njia ya zamani.

Ipo na Eland, ndogo kuliko Seplat. Forcados ilipofungwa ilikaa bila kuuza chochote kwa miezi, kisha ikaacha kulisubiri bomba. Ikaanza kupakia mafuta kwenye meli ndogo mtoni na kuyapeleka kwenye meli kubwa baharini. Mwaka 2019 Seplat iliinunua kwa paundi milioni 382, na waliovumilia walipata chao. Naisema hii kwa sababu sitaki mtu atoke hapa akidhani nimesema kila kampuni ya Delta ni shimo. Zipo zilizolipa, na zililipa kwa sababu zilikuwa na njia nyingine.

Mtu ataniuliza, mbona tuhangaike na wadogo, wakubwa wako wapi? Swali zuri mno. Wakubwa wameondoka nchi kavu. Shell ilikamilisha kuuza kampuni yake yote ya nchi kavu kwa muungano wa Renaissance Machi 2025. Eni iliwauzia Oando, kampuni ya Kinijeria, ya kwake mwaka 2024. Hawajaondoka Nijeria, la. Wamehamia bahari kuu, kama pale Bonga, kilomita 120 kutoka pwani, ambako mafuta yanatoka chini ya bahari yanaingia moja kwa moja melini na hayapiti kijiji wala mkoko. Mtu aliyekaa Delta tangu kisima cha kwanza, cha Oloibiri, cha mwaka 1956 anakuuzia bomba, anabaki na meli. Wewe mnunuzi hujiulizi kwa nini?

Bomba la Nembe Creek lina kilomita 97 kwenda Bonny. Shell ililibadilisha, jipya kabisa, mwaka 2010, kwa zaidi ya dola bilioni moja. Wizi ukaendelea kwenye bomba jipya kama ulivyokuwa kwenye lile la zamani. Mwaka 2015 likauzwa pamoja na visima kwa kampuni ya Kinijeria, Aiteo. Miaka michache baadaye Aiteo nao wakaamua kutafuta njia yao ya kupakilia baharini, na tangu 2023 mafuta ya Nembe yanauzwa kwa jina lake.

Halafu ikaja 2022. Tony Elumelu, mmoja wa matajiri wakubwa wa Nijeria, kampuni yake ilikuwa imenunua sehemu ya eneo la visima linaloitwa OML 17 mwaka mmoja tu nyuma, kwa mpango wa zaidi ya dola bilioni moja. Machi 2022 alilalamika hadharani kwamba zaidi ya asilimia 95 ya uzalishaji inakwenda kwa wezi, na kwamba Bonny, iliyopaswa kupokea mapipa zaidi ya 200,000 kwa siku, ilikuwa inapokea chini ya 3,000. Mwezi huo huo Shell ikatangaza kisheria kwamba haiwezi kutimiza mikataba ya kupakia Bonny. Kufikia Septemba nchi nzima ilikuwa chini ya mapipa milioni moja kwa siku, na Angola ikaipita. Sasa niambieni, kama Elumelu, mwenye simu za mawaziri, hakuweza kuyalinda mafuta yake, kampuni yetu ya peni chache itampigia nani?

Hali imekuwa nafuu tangu hapo, na haki itendeke, niseme imekuwaje. Agosti 2022 serikali ilitoa mkataba wa kulinda mabomba kwa kampuni binafsi inayohusishwa na Tompolo, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji wa Delta. Mafuta yameongezeka bandarini. Lakini kama mwekezaji ujue unategemea nini: unategemea mkataba ambao serikali inaweza kuufuta, na mtu ambaye akinuna, hujui mabomba yatakuwaje. Hilo huwezi kulipata kwenye mizania ya kampuni yoyote.

Wazee wangu, nisingependa tuzungumze faida na hasara hadi tukasahau kuna watu pale. Aprili 2022, msituni Ohaji-Egbema, Jimbo la Imo, mtambo wa kupikia mafuta ya wizi ulilipuka. Zaidi ya watu mia moja walikufa. Vijana waliokwenda kutafuta kibarua, na wanunuzi waliofuata dizeli ya bei nafuu. Watu wa Delta wamekaa juu ya mafuta tangu kabla ya uhuru wa nchi yao, samaki wamekufa kwenye mikondo, na mchana wao ni moshi. Sheria ya mafuta ya 2021 inataka kila mwenye leseni atoe asilimia 3 ya gharama zake za uendeshaji za mwaka kwa mfuko wa jamii za hapo. Ukiniuliza mimi, kampuni inayolipa mfuko huo kwa wakati na inayoajiri vijana wa hapo kulinda bomba lao ndiyo nitakayoanza nayo, na hilo ni kwa dini yangu na kwa hesabu yangu pia.

Kuna aliyeninong'oneza wakati wa chai: na bomba letu la Hoima kwenda Tanga? Kwa kifupi, hilo kilomita 1,443 ni la TotalEnergies, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania, na CNOOC ya China. Mafuta yake ni mazito kama nta, lazima yapashwe moto njia nzima. Hakuna hisa zake sokoni za sisi kununua, kwa hiyo tusichanganye mambo mawili.

Nirudi kwenye pendekezo. Nimesoma ripoti ya mwaka ya hiyo kampuni ukurasa kwa ukurasa. Namba ya mapipa iliyo kwenye ukurasa wa mbele ni ya kisimani. Namba ya mapipa yaliyouzwa iko nyuma kabisa, kwenye maelezo ya hesabu, na tofauti yake haijaelezwa. Njia ya kutoka ni moja. Mkopo wa benki una sharti kwamba uzalishaji ukishuka chini ya kiwango fulani, benki inaweza kudai pesa zake zote, na kiwango chenyewe hawajakitaja.

Sisemi tukatae leo. Naomba tusipige kura leo. Nimeandika barua kwa kitengo cha wenye hisa cha kampuni hiyo, ina maswali manne: mapipa yaliyopotea bombani kila robo ya mwaka kwa miaka mitatu, nani anayesoma mita ya kuingizia, mpango wao bandari ikifungwa miezi sita, na hicho kiwango cha benki. Ndugu yetu aliyeleta pendekezo ameisoma jana na ameongeza la nne yeye mwenyewe. Ninayo hapa. Imebaki saini ya mwenyekiti na ya mama mweka hazina, na kalamu ni hii.